Malalamiko Dhidi ya Mitamba wa Lango la Tatu

Shamba la Ng'ombe,
Kilomita 160 kutoka Riyadh.
Jumanne, 16 Agosti 2016.

Kwa makomredi wote wa Umoja wa Madereva, Walinzi na Wafanyakazi wa Nyumbani kutoka Kenya, tawi la Riyadh na tawi la Jeddah.

Nakala: Meneja wa Shamba (pindi atakapopatikana wa kumtafsiria).

MINTARAFU: KUFUNGWA KWA LANGO LA TATU, NA HATIA YA NG'OMBE KATIKA JAMBO HILO

Makomredi wenzangu katika mapambano,

Nawasalimu ninyi mnaoamka kabla ya mabosi na kulala baada ya watoto wao. Nawasalimu makomredi wa mtaa wa Al-Safa huko Jeddah, ambao huisikiliza mikutano yetu kwa simu iliyofichwa chini ya nguo za kupigwa pasi. Nawasalimu makomredi wa Balad, mnaobeba marobota ya vitambaa katika vichochoro vya mji mkongwe na bado mkapata pumzi ya kubishania siasa za nyumbani. Naandika kwa moyo mzito na kwa kalamu ya kuazima.

Kabla sijalalamika ni haki mjue kilichotokea, maana malalamiko yasiyo na tukio ni kelele tu.

Jumapili iliyopita, muda mfupi baada ya saa sita mchana, mtu fulani alilifunga lango la tatu la shamba hili. Lango hilo lilikuwa limeachwa wazi makusudi, ili mitamba themanini waliokuwa upande wa huku wavuke kwenda kunywa maji katika birika lililo upande wa pili. Joto lilikuwa nyuzi arubaini na saba. Kati ya saa sita na saa tisa, kwa amri ya kiangazi, hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kukaa juani, kwa hiyo mlinzi wa lango, Komredi Protus Nyongesa, alikuwa ndani ya kontena la mapumziko, kilomita moja kutoka hapo, kama sheria inavyomtaka. (Dereva hahusiki na amri hiyo, kwa kuwa gari lina paa.) Aliporudi saa tisa, Protus alikuta lango limefungwa kwa mnyororo, mitamba wamejibana mbele yake ndimi nje, na mmoja wao, mwenye namba 4471 sikioni, amelala chini. Hakuinuka tena.

Meneja wetu, Bwana Stephen, ni Mwaustralia aliyelelewa kwenye ranchi ambayo, kwa maelezo yake, kutoka jikoni hadi sanduku la barua ni mwendo wa nusu siku. Kutoka huko ametuletea sheria moja ambayo kwake ina uzito wa Amri Kumi zikifungwa pamoja: lango liache kama ulivyolikuta. Ukilikuta wazi, pita uliache wazi. Ukilikuta limefungwa, pita ulifunge. Alituuliza madereva watatu ni nani aliyepita pale Jumapili, na sote tukavitazama viatu vyetu kwa umoja ambao sijawahi kuushuhudia katika chama chochote. Basi akamgeukia Protus. Akamwambia, "Lango ni lako, ng'ombe ni wangu. Halas, imekwisha."

Protus amekatiwa tiketi ya Alhamisi saa nne asubuhi, na pasi yake itagongwa muhuri wa kutorudi tena nchi hii. Ana binti, Ivy, aliyeingia kidato cha kwanza mwaka huu kwa nguvu ya lango hilo hilo. Kitakachomzuia Protus asipande ndege ni kimoja tu: aliyelifunga lango ajulikane kabla ya Alhamisi.

Swali lililo mbele ya Umoja, basi, ni hili: nani wa kulaumiwa? Nimelitafakari kwa siku mbili, nikitumia mbinu zote nilizofundishwa katika miaka mitatu na nusu ya sayansi ya siasa kabla chuo kikuu hakijaniomba nikapumzike nyumbani. Nimefikia hitimisho kwamba wa kulaumiwa ni ng'ombe. Naomba mniruhusu kuthibitisha.

1. Kuhusu barabara, na nani anayeitawala.

Wengi wenu hamjaiona. Ukiiacha lami unaingia katika njia ya changarawe ya kilomita sitini na mbili, yote ndani ya shamba moja. Uso wake una mawimbi kama bati la paa, na hukutikisa hadi ukasahau ulichokuwa ukikifikiria. Nadhani ndiyo maana hapajawahi kutokea mapinduzi huku. Kulia ni jangwa. Kushoto ni duara kubwa za barsimu, majani ya mifugo yanayomwagiliwa usiku na mchana, kijani kibichi cha kumfanya mtu wa Nandi atokwe na machozi. Kuna malango matano. Dereva anayetii sheria hushuka garini mara kumi kwenda na mara kumi kurudi.

Lakini malango si neno. Neno ni ng'ombe. Kanuni ya shamba inasema ng'ombe akiwa barabarani, gari lisimame hatua hamsini mbali naye, injini izimwe, na honi isiguswe, kwa kuwa honi, inasemekana, hukausha maziwa. Mwezi wa sita nilisubiri dakika arubaini huku mtamba mmoja akitafakari kama avuke au asivuke. Hatimaye alilala. Makomredi, nilipokuwa chuoni niliwahi kuifunga barabara kuu kwa saa sita, nikiwa na wanafunzi elfu mbili, matairi yanayowaka na mabango ya lugha tatu, na tukatawanywa kwa mabomu ya machozi. Ng'ombe huifunga peke yake, bila bango, na anayetawanyika ni mimi.

2. Kuhusu malezi.

Nani kati yetu aliyelelewa nyumba yenye mifugo hajui kwamba lango lililoachwa wazi ni kesi? Kwetu, ng'ombe akitoka akaingia katika mahindi ya jirani, huitwa mwenye ng'ombe, huitwa aliyepita mwisho, huitwa chifu, na kikao huchukua siku nzima. Mimi nilichapwa nikiwa na miaka saba kwa lango ambalo hata sikulifungua. Nililipita tu likiwa wazi, na mama yangu akasema aliyeona na kupita ni mbaya kuliko aliyefungua. Mtu aliyelelewa hivyo, akikuta lango wazi na kundi la ng'ombe limesimama karibu, hasomi kibao. Mkono wake hulifunga kabla akili haijaulizwa. Kisha huondoka akijisikia ametenda wema.

Kwa hiyo, yeyote aliyelifunga lango la tatu, alilifunga kwa adabu. Na adabu hiyo alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na ng'ombe, ambao miaka yote wamekataa kukaa pale walipowekwa. Mnaona hatia inapoelekea. Nilifikiria kupendekeza Umoja uwaandikie mama zetu barua ya onyo, lakini sikupata wa kuitia sahihi.

3. Kuhusu kibao.

Kibao cha lango la tatu kinasema "Acha lango kama ulivyolikuta" kwa Kiarabu, Kiingereza na Kiurdu. Kiswahili mafi, hakipo. Ni dharau kwa lugha ya mamilioni ya watu, na ni mtego kwa dereva.

Nilipomsomea hoja hii kwa simu Katibu wetu wa Jeddah, Komredi Jerioth, ambaye alikuwa Al-Safa akimenya vitunguu vya wageni kumi na wanne, nilisikia kisu kikiwekwa mezani. Kisha akasema, "Robinson, si ni wewe hutusahihisha Kiingereza kwa grupu?" Nikamweleza kwamba hoja ni ya kimsingi, haihusu mtu binafsi. "Sawa, baba wa misingi," akasema. "Na huyo aliyefunga, hakuona ng'ombe wamesimama hapo?" Nikamjibu kwamba aliwaona, na hiyo hasa ndiyo sababu alifunga. "Umejuaje?" Nikamwambia ni makisio ya kisomi. Akasema madam anamwita. Sikusikia madam yeyote akiita.

Nayaandika haya kwa ajili ya uwazi, ambao ni nguzo ya Umoja wetu.

4. Kuhusu hali bora isiyostahili ya ng'ombe.

Hapa ndipo damu yangu inapochemka, na naomba mnivumilie.

Mimi niliajiriwa mwaka 2014 niwe dereva wa familia Jeddah. Niliendesha miezi saba. Siku moja, tukiwa njiani kwenda shuleni, watoto waliniuliza maana ya mgomo, nami nikawaeleza kwa mifano. Jioni yake wote wanne wakagomea wali hadi wapewe simu. Kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini, ambaye ni mtu mpole, aliona heri anikopeshe kwa kaka yake mwenye shamba huku Riyadh, mahali ambapo, alisema, wa kuhutubiwa ni ng'ombe pekee. Nasikitika kuripoti kwamba hata hao hawasikilizi.

Na kwa nini wasikilize? Ng'ombe wa shamba hili wana vivuli vyenye mapanka yanayopuliza ukungu wa maji. Sisi tuna kontena. Ng'ombe hubeba namba yake mwenyewe, sikioni, aende nayo popote aendapo. Pasi zetu ziko katika kabati la ofisi, na ufunguo wa kabati uko Jeddah. Ng'ombe akikohoa, daktari hufika kwa dakika ishirini akiwa na sanduku la barafu. Protus alipovimba jino mwezi wa Ramadhani, alingoja siku tisa, shavu limekuwa kama kikombe, hadi daktari huyo huyo wa mifugo alipomhurumia. Alimpandisha kwenye mizani ya ndama, akatazama jedwali, akamdunga dozi ya ndama wa kilo sabini na moja. Jino lilipona. Protus hakulalamika hata kidogo. Alisema tu kwamba tangu aje Saudia hiyo ndiyo mara ya kwanza ameandikiwa faili. Faili hiyo ipo mpaka leo, baina ya faili ya ng'ombe 2210 na ya 2211.

Naongeza kwamba 4471, marehemu, alikuwa na tabia ya kumlamba Protus mkono kila asubuhi kwa ajili ya chumvi ya jasho. Hakuwahi kumlamba dereva yeyote. Nalilalamikia hili kama upendeleo.

5. Kuhusu kukosekana kwa mshikamano, ambalo ndilo shtaka kuu.

Makomredi, mwaka 2012 wakuu wa chuo chetu walipolifunga lango kuu ili tusitoke kuandamana, tuliling'oa kwa dakika kumi na moja, ingawa baadaye ilibainika kwamba lilikuwa linafunguka kwa kuvutwa. Sasa tazameni upande huu. Mitamba themanini. Kila mmoja kilo mia nne. Tani thelathini na mbili za nguvu ya umma, zimesimama mbele ya mnyororo ambao mtoto angeuinua kwa kidole! Maji wanayaona. Maji wanayasikia yakidondoka birikani. Walifanya nini? Walisimama. Hawakuunda kamati, hawakuteua msemaji, hawakutoa hata tamko la kulaani. Walisubiri aliyelifunga arudi alifungue, kwa imani ile ile ambayo imetuweka sote hapa tulipo: kwamba mwenye ufunguo lazima atatukumbuka.

Walimngoja kwa saa tatu. Na yeye wakati huo alikuwa kilomita arubaini mbele, akila tende.

4471 alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Angalikuwa nyuma, kwenye kivuli cha wenzake, huenda angalipona. Lakini alikuwa amekaribia zaidi ya wote, kwa sababu lango lilipokuwa likifungwa aliambiwa arudi nyuma, akarudi hatua mbili kwa heshima, kisha akasogea tena pale pale kungoja. Huo ndio utiifu ninaoushtaki. Utiifu huo umeua ng'ombe mmoja, na Alhamisi utamrudisha Komredi mmoja nyumbani mikono mitupu.

Kwa sababu hizo tano, naomba Umoja upitishe maazimio yafuatayo, kwa sauti moja na bila marekebisho:

(a) Kwamba mitamba sabini na tisa waliobaki watangazwe kuwa washiriki wa utawala, na 4471 ashtakiwe ingawa amefariki;

(b) Kwamba lango la tatu lirudishwe Australia kwa gharama ya Australia;

(c) Kwamba kibao kipya kiandikwe kwa Kiswahili sanifu, nami niko tayari kukihariri bila malipo;

(d) Kwamba iundwe tume huru ya uchunguzi yenye wajumbe saba, kumtafuta aliyelifunga lango, itakayotoa ripoti yake ndani ya siku tisini.

Najua mtaniambia kwamba ndege ni keshokutwa. Nami najibu kwamba tume zote nilizozidai chuoni, na nilizidai nyingi, zilitoa ripoti baada ya mhusika kuondoka. Hiyo ndiyo kazi ya tume. Haki haiharakishwi, makomredi. Anayeharakishwa ni Protus peke yake.

Nimalizie kwa salamu. Nisalimieni makomredi wote wa Balad, hasa wale waliohamia chumba kipya chenye dirisha. Nisalimieni Emmaculate wa ghorofa ya tatu, ambaye haruhusiwi kushuka, mumwambie kwamba sauti yake katika mkutano uliopita ilisikika ingawa alikuwa akinong'ona. Nisalimieni Jerioth, mumwambie sikukasirika. Msiponisalimia na mimi nitaelewa kwamba mko kazini.

Naiweka kalamu chini lakini siyo msimamo,

Komredi Robinson Kipkemei,
Dereva wa pikapu namba mbili,
Katibu Mwenezi, tawi la Riyadh.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha nilipopita kontenani nikamkuta Protus akikunja nguo zake. Zote zinaenea katika begi moja la mkononi. Alinimiminia chai. Akaniuliza, "Jumapili ulipita pale saa ngapi, ndugu yangu?" Nikasema saa sita na dakika kumi. Akasema, "Haya," akanisogezea sukari.

Tukanywa. Halafu, akiendelea kukunja shati, akasema, "Nilizifagia zile alama. Tairi lako la kushoto limekatika pembeni, hata kipofu angejua." Nikamuuliza kwa nini alifanya hivyo. Akanitazama kama mtu anayeeleza jambo dogo. "Mimi najua kufungua na kufunga. Wewe una mdomo. Siku hawa watoto wa Al-Safa wakipata shida, ni nani atawaandikia barua? Mwenye mdomo abaki."

Makomredi, lango nililifunga mimi. Kibao nilikisoma, nikakielewa, tena kwa Kiingereza. Mitamba niliwaona wote. 4471 nilimwambia arudi nyuma, akarudi, nikafunga mnyororo, nikaondoka nikipiga mluzi.

Nayaondoa malalamiko namba moja hadi namba tano, pamoja na maazimio yake. Ng'ombe hawana kosa lolote, wala mama yangu. Barua hii msiitafsiri. Nitakachomwambia Bwana Stephen kina maneno machache na Kiingereza changu kinakitosha. Tiketi ya Alhamisi ina kiti kimoja, na jina juu yake linaweza kubadilishwa kabla ya saa sita mchana wa kesho, nimemwuliza karani wa tiketi.

Mkutano unaofuata ni kesho Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, mlangoni pa ofisi ya Meneja. Akidi ni mtu mmoja.